Mkono Mtupu Haulambwi: Namna ya Kurudisha Imani ya Mbwa Aliyetishika



Huenda baadhi yenu mkashangaa kukuta habari ya mbwa katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hujaa matangazo ya harusi na tanzia, ratiba za madarasa ya watoto na maelezo ya karatasi za uhamiaji. Wengi wetu tulilelewa kumjua mbwa kuwa mnyama wa uani: usiku hulinda, mchana hufungwa, na akisogea mlangoni hufukuzwa kwa jiwe. Lakini watoto wetu wanakulia hapa Uingereza, ambako mbwa hulala ndani ya nyumba, na si familia moja wala mbili za jumuiya yetu ambazo, baada ya kubembelezwa sana, zimekubali kumwingiza mmoja. Kwa walio Waislamu, suala la tohara lina hukumu zake, na kila nyumba ina mwanachuoni wake wa kumwuliza. Hilo si la makala haya. Ninalotaka kulieleza ni jambo jingine: siku ambayo mnyama aliyekuamini anageuka kukuogopa, na kosa ni lako, ingawa hukulikusudia.

ILIVYOTOKEA

Mbwa wetu anaitwa Tangawizi kwa sababu ya rangi yake. Majirani Waingereza humwita Ginger. Tulimchukua kutoka katika makao ya mbwa waliotelekezwa, akiwa na umri wa miaka minne hivi. Aliyemtaka ni binti yetu wa miaka kumi. Binti huyo alikuwa amehamishiwa shule mpya, hakuwa na rafiki, na kwa miezi kadhaa akawa anarudi nyumbani, anakula, kisha anapanda chumbani kwake bila kusema neno. Tangu mbwa yule aingie, alianza tena kuzungumza: kwanza na mbwa, kisha na sisi. Kwa hiyo Tangawizi hakuwa pambo la nyumba.

Mimi hufanya kazi ya ghala, zamu ya usiku. Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba mwaka jana nilirejea kabla ya alfajiri, na kwa kuwa watu walikuwa wamelala sikuwasha taa. Nilichukua sinia kubwa la chuma lililokuwa na vikombe vya usiku, nikaelekea nalo jikoni gizani. Tangawizi alikuwa amejilaza kizingitini. Nilimkanyaga mguu wa mbele kwa buti za kazi, nikapepesuka, sinia likaniponyoka na kuanguka juu ya vigae, karibu kabisa na kichwa chake. Alitoa mlio mmoja ambao sijapata kuusikia kwa mnyama, akakimbilia tundu la chini ya ngazi huku akijikojolea.

Hapo nikatenda kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: nilimfuata. Nilipiga magoti mbele ya tundu lile, nikamwita kwa sauti ya huruma, nikapenyeza mkono kumshika. Alijikunyata hadi ukutani. Nikamvuta kwa mkanda wake wa shingoni. Akanionyesha meno, akanguruma, nami nikamkemea. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa amesimama juu ya ngazi. Aliniuliza, "Baba, umemfanya nini?"

Tangu siku hiyo, mbwa aliyekuwa akinipokea mlangoni alitoroka kila aliposikia ufunguo wangu. Akiwa na mke wangu na watoto alikuwa yule yule wa zamani. Nikitokea mimi, mkia aliufyata na masikio akayalaza. Jikoni hakukanyaga tena. Siku ya nne nilipita karibu naye akiwa anakula, akanguruma kwa mara ya pili. Mke wangu akasema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba nyumba yenye mtoto wa miaka miwili haiwezi kuweka mbwa anayenguruma. Afadhali arudishwe alikotoka. Binti yetu alisikia. Hakulia. Alipanda chumbani kwake bila kusema neno.

HOFU YA MBWA NI KITU GANI

Jirani yetu ni bibi wa Kiingereza ambaye amefuga mbwa maisha yake yote. Nilimweleza mkasa wangu juu ya ukuta wa bustani, nikamwambia kwamba nimejaribu kila njia ili mbwa anisamehe. Akanijibu kwamba mbwa hajui kusamehe, kwa sababu hajui kuweka kinyongo. Anachojua ni kutazamia. Kila akuonapo hujiuliza: baada ya mtu huyu kutokea, kitafuata nini? Kwa Tangawizi, jibu sasa lilikuwa maumivu na kishindo. Sikutakiwa kumwomba radhi; nilitakiwa kumpa jibu jipya, na kumpa mara nyingi kiasi cha kulifuta la zamani.

Maneno hayo yana msingi wake katika elimu. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa wake walianza kutokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa kuona au kusikia tu yale yaliyozoea kukitangulia. Njia hiyo hiyo inayofungamanisha sauti na chakula ndiyo inayofungamanisha sauti na maumivu. Tofauti ni kwamba somo la chakula huhitaji kurudiwarudiwa, ilhali somo la maumivu makali aghalabu huingia kwa mara moja tu. Tena masikio ya mbwa si kama yetu. Sisi husikia sauti nyembamba hadi kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika kiasi cha 45,000. Mvumo wa chuma juu ya vigae, ambao kwangu ulikuwa kero, kwake ulikuwa msiba.

Na hofu haikai mahali pamoja. Wahenga walikwisha kulisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangawizi hakuliogopa sinia peke yake. Aliniogopa mimi, buti zangu, mlio wa ufunguo na mlango wa jikoni, yaani kila kilichokuwapo saa ile.

Dawa yake nayo imejulikana zamani. Mwaka 1924, nchini Marekani, Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, aliyeitwa Peter, ambaye alimwogopa mno sungura. Mtoto alipewa chakula alichokipenda huku sungura akiwa ndani ya kizimba, mbali kiasi cha kutomharibia utamu. Kidogo kidogo kizimba kilisogezwa karibu, hadi mwishowe Peter akamshika sungura kwa mkono wake. Kinachotakiwa ni mambo mawili tu: umbali usiotisha, na kitu kizuri kinachofuata. Yaliyobaki ni subira.

HATUA TULIZOZIFUATA

Tulikubaliana na mke wangu kwamba tujaribu kwa miezi miwili. Lango dogo la kuzuia watoto wachanga liliwekwa ili mtoto wetu mdogo asiwe pamoja na mbwa bila mtu mzima. Binti yetu akapewa daftari la kuandika maendeleo kila jioni.

1. Daktari kwanza. Kabla ya kusema kwamba mbwa ana hofu, hakikisha kwamba hana maumivu. Mguu uliokanyagwa waweza kuwa umevunjika bila kuonekana kwa nje, na mnyama anayeumia hunguruma ili asiguswe. Wetu alikutwa na uvimbe tu. Matibabu ya wanyama nchini hapa si ya bure; lakini yapo mashirika ya hisani, kama PDSA lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, ambayo huwasaidia wenye kupokea baadhi ya misaada ya serikali. Yafaa kuulizia kabla ya kukata tamaa.

2. Apewe pa kujistiri. Tulitandika blanketi katika tundu la chini ya ngazi, na ikawa amri ya nyumba kwamba akiwa humo hapana wa kumwita, kumvuta wala kumchungulia. Kiumbe mwenye uhakika wa pa kukimbilia hana haja ya kuuma.

3. Aliyetisha ajitoe. Hili ndilo lililonipa tabu zaidi. Niliacha kumwita, kumfuata na kumtazama. Buti nilizivulia nje. Niliwasha taa, nikasema maneno mawili matatu kabla ya kuingia ili asigutuke. Nilipokaa chumba kimoja naye nilikaa sakafuni, ubavu nikimwelekezea yeye na uso kando. Kwani kumwinamia mbwa kwa juu na kumkodolea macho ni vitisho katika lugha yake. Sisi tuliofunzwa utotoni kwamba mkubwa hakodolewi macho tunalielewa hili bila ya mwalimu.

4. Mtu kwanza, chakula baadaye. Tulichemsha kuku, tukamtoa mifupa, bila chumvi wala kitunguu. Ikaamuliwa kwamba kuku hatatoka mkononi mwa mtu yeyote ila mimi. Jioni, kabla ya kwenda kazini, nilitokea mlangoni, nikatupa kipande, nikaondoka. Utaratibu una maana: mbwa anione kwanza, kisha nyama ije. Ukigeuza, nyama ikatangulia na mtu wa kutisha akafuata, mbwa ataanza kuishuku nyama yenyewe kama mtego. Kipimo cha umbali ni tumbo lake. Akila, umbali unafaa. Akikataa hata kuku, umemkaribia mno, nawe rudi nyuma bila kuona haya. Tulianzia hatua saba.

5. Sauti nayo ina darasa lake. Sinia hatukulichanganya na mtu. Mke wangu alilifunga kwa taulo, akalipeleka chumba cha juu, akaligonga kwa ncha ya kidole, huku mimi nikimtupia mbwa nyama kutoka mbali huku chini. Siku zilivyopita taulo lilipunguzwa, kisha sinia likashushwa ngazi moja moja. Mbwa akiinua kichwa na kutafuta nyama kila asikiapo mgongo, somo linaingia. Akitetemeka au kuondoka, mmeharakisha.

6. Kugusa ni mwisho wa safari. Wiki ya tano alikula kutoka kiganjani mwangu, nikaifahamu kwa mara ya kwanza maana halisi ya methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo sikumshika. Nilingoja hadi aliponisogezea ubavu mwenyewe, nikamkuna kifuani, si utosini, kwa muda wa sekunde tatu, nikauondoa mkono. Akisogea tena, anaomba. Akigeuza uso, akilamba midomo, akipiga miayo isiyo ya usingizi au akionyesha weupe wa jicho, amekwisha kusema hapana, na hapana yake iheshimiwe.

Dakika tano kwa siku zilitosha. Binti yangu ndiye aliyekuwa mwalimu. "Baba, usimtazame." "Baba, umeharakisha, rudi nyuma." Niliyazoea maagizo yale, na baada ya majuma kadhaa nikatambua kwamba tangu arejee shuleni hadi nitoke kwenda kazini tulikuwa tunazungumza.

Msidhani kwamba njia ilikuwa nyoofu. Wiki ya nne, tulipokuwa tumefika hatua mbili, nilipiga chafya kubwa ya ghafula. Tangawizi akatoweka chini ya ngazi, na kesho yake hakula hadi niliporudi hatua sita. Nilikasirika, si kwa mbwa bali kwa hesabu. Lakini safari ya pili kutoka sita hadi mbili ilichukua siku nne tu. Kilichokwisha kujengwa hakibomoki chote.

YA KUJIHADHARI NAYO

Kwanza, mbwa anayenguruma asipigwe wala asikemewe. Mngurumo ni onyo, nalo ni hisani kwako. Ukimfundisha kunyamaza hukumwondolea hofu. Umemwondolea onyo, na siku nyingine atauma bila kusema.

Pili, asilazimishwe. Wapo watakaokushauri umshike kwa nguvu hadi azoee. Mbwa aliyeshikwa akatulia huenda hajatulia. Amekata tamaa tu.

Tatu, wengi huamini kwamba ukimliwaza mbwa mwenye hofu unamfunza kuogopa. Sivyo. Hofu si ufundi ambao mtu huuongeza kwa kupewa zawadi. Akikujia mwenyewe kutafuta faraja, mpe kwa utulivu.

Nne, vipo vyakula vya mezani petu ambavyo ni sumu kwake: vitunguu maji na vitunguu saumu, zabibu mbichi na kavu, chokoleti, na peremende zisizo na sukari ambazo hutiwa utamu wa zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Na mtu asimpe dawa zetu za maumivu, kama vile parasetamoli au ibuprofeni, hata kama mguu unamwuma.

Tano, mbwa akiuma, au majuma yakipita bila mabadiliko, mwombeni daktari wa wanyama awaelekeze kwa mtaalamu wa tabia za mbwa. Penye watoto, hili si la kungojea.

USIKU WA FATAKI

Miezi miwili yetu ilikuwa inakwisha, na tarehe 5 Novemba ilikuwa inakuja. Mnajua kwamba usiku huo Waingereza hukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge, ambayo ilishindikana, na mbingu yote hulia mabomu ya karatasi. Kwa kanuni za mwaka 2004, fataki katika Uingereza na Wales haziruhusiwi baada ya saa tano usiku, lakini usiku huo mmoja zinaachiwa hadi saa sita.

Wamo miongoni mwetu waliofika nchi hii wakikimbia milio ya bunduki, kutoka Barawa, kutoka Bujumbura, kutoka Bukavu. Nami nawajua wazee ambao usiku wa fataki huzima taa na kukaa mbali na madirisha, ingawa wanajua vema kwamba ni mchezo wa watoto. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hofu ya mbwa ni upumbavu. Mwili una kumbukumbu zake, na akili haiamrishi kila kitu.

Nilikuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini. Tulimtembeza Tangawizi kabla ya giza, tukashusha mapazia, tukafungua redio, tukaongeza blanketi la pili chini ya ngazi. Yapata saa mbili usiku mshindo wa kwanza ulipiga nyuma ya nyumba yetu. Aliruka, akaingia tunduni. Niliketi ukumbini, sakafuni, ubavu nikimwelekezea yeye, kama nilivyofunzwa. Sikumwita. Sikuwa na nyama mkononi. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya ngazi, mahali pale pale aliposimama siku ya kwanza.

Sijui ulipita muda gani. Nilihisi kitu kizito na chenye joto juu ya unyayo wangu. Mbwa alikuwa amejivuta hadi ukingoni mwa tundu, akalaza kidevu chake juu ya mguu ule ule uliomkanyaga. Alikuwa anatetemeka. Sikumgusa, wala sikusogea, hadi milio ilipokwisha na mguu ukawa umekufa ganzi. Asubuhi nililifungua daftari. Chini ya tarehe 5 Novemba, mahali pa kuandika umbali, binti yangu alikuwa ameandika: "Hatua 0. Baba hakumtazama."

Suala la kumrudisha halikutajwa tena. Lakini nitasema kweli yote: hadi leo, nikibeba sinia, Tangawizi huzunguka meza ili asipite karibu yangu, nami simlaumu. Imani iliyorudi si ile ile ya awali. Ni nyingine, iliyojengwa kipande kwa kipande, na kila kipande tunakijua kilipotoka.

Wasomaji wenye uzoefu wa kufuga wanyama katika nyumba hizi ndogo tunawaomba watuandikie, ili wengine wanufaike. Nanyi mnaofanya kazi za usiku kama mimi, pokeeni ushauri mmoja ambao haukunigharimu kidogo: mkirudi nyumbani, washeni taa.